Cheki Iliyofungwa kwa Isale

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla Ndeshi hajamaliza kulisoma neno lenyewe, kwa hiyo naendelea. Habari za hapo nyumbani? Miguu bado inakuuma asubuhi? Mvua imefika Mbokomu, au mnayatazama tu mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa watu wengine? Na macho je, Mama? Nimeanza na miguu kwa sababu naogopa kuuliza habari za macho.

Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku imeanza kuuma mapema, ila hiyo tumeshazoeana, hainishangazi wala mimi siilalamikii tena.

Ndeshi, dada yangu, wewe unayesoma, usiruke hata mstari mmoja. Nakujua. Ukifika mahali pabaya usijifanye umepaliwa halafu ukakimbilia salamu za mwisho. Mpe Mama chai yake kwanza, kaeni kwenye benchi la nje ya jiko, kisha umsomee yote. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu Mama ananiuliza, mimi nacheka, na yeye anacheka, na jambo linabaki palepale.

Mama, ile bahasha uliyompa mama Lilian wa Rau anipe imenifikia. Nilidhani ni kahawa. Nilipoifungua nikaikuta ile cheki ya mzee Harold, imekunjwa vizuri, na juu yake umeizungushia jani la isale na kulipiga fundo. Jani lilikuwa limekauka lakini halijavunjika. Pembeni kulikuwa na karatasi ya Ndeshi imeandikwa: Mama anasema uipeleke hii nyumbani kwa mzungu, uiweke mbele ya watoto wake kwa mikono miwili, uwaambie mama yake Aminieli sasa anamhitaji ng'ombe wake. Auzwe, upate nauli, upande nyumbani mwezi wa kumi na mbili pamoja na wenzako. Anataka akuone wakati bado anaona.

Nilikaa kwenye ngazi za nje na lile jani mapajani, mpaka jirani akaniuliza kama nimefiwa.

Acha nianze mbali kidogo, ili tuone ni wapi tulipotezana. Unamjua mzee Harold kwa jina, yule niliyekuwa namwogesha, namlisha na kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Huyo mzee hakuwahi kulipa kitu kwa njia nyingine zaidi ya cheki. Umeme cheki, kinyozi cheki, sadaka ya kanisani cheki. Dukani, tukifika mbele ya foleni, ndipo anaanza kukitafuta kitabu chake mfukoni. Anauliza leo tarehe ngapi. Anauliza jina la duka, na jina la duka limeandikwa juu ya kichwa chake kwa taa nyekundu. Halafu anaandika polepole, na watu wa nyuma wanapumua kwa nguvu ili asikie. Wao wamezoea kugusisha simu kwenye kimashine na kuondoka. Mzee alikuwa anasikia vizuri kabisa, nadhani hata alikuwa anafurahi.

Mnadhani Marekani kila kitu kiko mbele. Nilipomweleza kwamba pale Kiboriloni mama muuza ndizi analipwa kwa simu, na ujumbe unaingia kabla mteja hajamaliza kuufunga mkungu kwenye pikipiki, alinitazama kama mtu anayetaniwa. Kisha akasema mtu ambaye hajaandika jina lake hajalipa, ametupa tu hela. Nilimcheka siku ile. Kumbe yeye na wewe mngeelewana kuliko mimi ninavyoelewana na yeyote kati yenu.

Krismasi ya mwaka juzi ndipo akakuandikia hiyo cheki. Nilimtajia jina lako herufi moja moja, Aikaruwa, akakosea, akaichana, akaanza upya na kitabu akikiegemeza kwenye goti. Alipomaliza akasema, "Hii ni ya mama aliyeniazima mwanawe." Mimi nikakupigia simu na kukutafsiria maneno hayo kama yalivyo, bila kujua kwamba wewe unayashika kwa uzito wake wote.

Mlishuka mjini wewe na Ndeshi, mkaenda benki. Yule kijana wa dirishani akaigeuza mbele na nyuma, akamwita mwenzake, wakaigeuza tena. Wakawaambia vitu hivi siku hizi hawavipokei, hasa vya nje, labda vipelekwe huko huko vilikotoka, na makato ni mengi, na bado vinaweza kukataliwa. Mwambie mtoto atume kwa simu, Bibi. Ndeshi aliniambia hukukasirika hata kidogo. Uliirudisha kwenye pochi, ukanunua chumvi, mkapanda zenu. Mimi nilitaka nimwombe mzee anipe taslimu badala ya karatasi, lakini wiki hiyo alikuwa ameanza kuumwa kifua, nikaona haya kumdai mgonjwa zawadi.

Baada ya hapo kila tukiongea kwenye simu ulikuwa unaniuliza: ng'ombe wangu kwa mzungu anaendeleaje? Nami nikajibu ameshiba, Mama. Nilidhani ni utani wetu mpya. Siku nyingine nikakwambia amenenepa. Nikafika mahali nikakwambia amezaa, tena ndama jike. Ukacheka kwa furaha, ukasema Ruwa ni mwema, na mimi nikajisifu moyoni kwamba nimekufurahisha.

Nilipoisoma karatasi ya Ndeshi pale kwenye ngazi ndipo nikajua kwamba hukuwa unatania hata siku moja. Nikamkumbuka yule ng'ombe mwekundu ambaye Baba alimwekesha kwa rafiki yake kule Uru, kwa vile banda letu lilikuwa limejaa. Wale wakamkatia majani, wakanywa maziwa, wakachukua mbolea ya migomba yao, lakini ng'ombe alikuwa wetu na ndama wake wetu, na mtaa mzima ulijua. Ndeshi alipofaulu kwenda sekondari, Baba alibeba kibuyu cha mbege, akaenda, akakaa, akanywa nao, akarudi na ng'ombe wake. Hakuna aliyemwambia muda umepita.

Basi ndivyo ulivyoielewa cheki. Mtu ameandika jina lako, amesema hiki ni chako, na kwa kuwa benki hawana nafasi ya kukipokea, umekiacha kwa mwenye banda mpaka siku ya shida. Nimelifikiria sana jambo hili, Mama, na sioni kosa lako liko wapi. Kosa ni langu niliyekuwa nalisha ng'ombe kwa mdomo.

Kwa sababu ng'ombe hayupo. Nasema wazi ili Ndeshi asipate pa kujificha. Cheki siyo mali, ni ahadi ya mtu, na huku ahadi hiyo ikikaa zaidi ya nusu mwaka benki wana haki ya kuikataa hata kama mwenyewe yu hai. Na mzee Harold, kama nilivyokwambia wakati ule masika yanaanza kwenu, alifariki. Ulimlilia, ukaniuliza ni nani aliyemwogesha mara ya mwisho, nikakwambia ni mimi. Lakini sasa naelewa kwa nini hukuuliza habari za ng'ombe. Kwetu mtu akifa watoto wake wanajua ng'ombe yupi bandani ni wa nani.

Hata hivyo nilikwenda. Nisingeweza kuiweka isale yako kabatini nikajifanya haikufika. Susan, binti yake, alikuwa kwenye nyumba ya baba yake anafunga vitu kwenye maboksi, maana nyumba inauzwa. Nilivaa koti langu la kanisani. Nikaiweka cheki mezani mbele yake kwa mikono miwili, na jani juu yake na fundo lake, nikasema mama yangu anasalimia na anaomba ng'ombe wake. Nikamweleza yote, Uru na mbege na Baba.

Alisikiliza mpaka mwisho, siwezi kumsema vibaya. Machozi yalimlengalenga alipoyaona maandishi ya baba yake. Kisha akasema, "Aminieli, akaunti ya Baba imefungwa. Na hizi cheki siku hizi hakuna anayezitumia." Akasema mali yote iko kwa wanasheria, kila kijiko kimeshaorodheshwa, yeye mwenyewe hana ruhusa. Halafu akalishika lile jani, akaniuliza ni la nini. Nikamwambia kwetu isale ndiyo mpaka wa kihamba, ardhi ya ukoo, ndiyo inayopandwa makaburini, na mtu akikuletea jani lake limefungwa fundo, hata awe amekukosea namna gani, hukatai analoomba.

Aliligeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha. Akasema ni zuri sana, akaniomba abaki nalo, ataliwekea fremu.

Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kuiangukia. Nikasema hapana, jani ni la mama yangu. Nikavichukua vyote viwili nikatoka.

Sasa kuhusu nauli na kuja. Tangu mzee afariki nimepata kazi kwenye kiwanda cha kukata kuku. Kazi ipo wiki hii, wiki ijayo haipo. Karatasi zangu za kukaa huku zilikwisha muda wake zamani, wewe unalijua hilo, ingawa huwa hatulitaji. Nikitoka sirudi tena. Ungeniambia nisirudi, kihamba kipo, mimi ndiye kitinda mimba na nyumba ni yangu, nije nilime kahawa kama baba yangu. Nilishafunga begi kichwani mara nyingi. Lakini daktari pale mjini alimwambia Ndeshi kwamba presha ya macho ikishachukua hairudishi, na ile dawa ya matone kazi yake ni kushikilia kilichobaki. Dawa hiyo inanunuliwa na hela ninayotuma kwenye simu, ile unayolalamika kwamba inaingia bila jina la mtu wala mkono wa mtu. Kahawa ya Baba hainunui dawa hiyo, nimeuliza bei. Nikija, matone yanakoma. Matone yakiendelea, mimi siji. Nimeligeuza jambo hili mbele na nyuma kama yule kijana wa benki, na jibu ni lile lile.

Kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili sitapanda, Mama. Wala sitakwambia labda mwaka ule mwingine, kwa sababu nikisema labda utahamishia kiti chako mlangoni. Magari yatapanda kutoka Dar na Arusha, watu watachinja mbuzi, watoto watapiga kelele barabarani, na kila gari likipunguza mwendo kwenye kona yetu utanyoosha shingo. Ndeshi, siku hizo mkalishe Mama upande wa jikoni. Uliniambia, Mama, kwamba ndizi sasa unazijua kwa kuzipapasa, mbivu na mbichi, na kwamba Kibo unaiona kama weupe tu mahali fulani juu. Najua na mimi nitaishia kuwa hivyo, weupe mahali fulani. Linaniuma, na sina dawa yake.

Mnisalimie Baba mdogo, mwambieni asiikate ile migomba ya mpakani, na mumwombe asimpe Mama matumaini yoyote juu yangu. Salamu kwa shemeji, na pole kwa mpunga wake wa Mabogini uliokosa maji. Salamu kwa mama mkubwa, anayeimba sauti ya pili kanisani, aniimbie na mimi. Na mama Lilian, mumshukuru kwa kubeba bahasha umbali wote mpaka huku bila kuuliza kuna nini ndani. Aika sana.

Cheki nimebaki nayo. Haina faida kwa mtu, ila ina jina lako kwa mkono wa mtu aliyejitahidi kuliandika.

Jani limo humu ndani ya bahasha. Ndeshi, litoe sasa, umpe mkononi.

Mama, usihangaike kuliangalia, fundo utalijua kwa vidole. Utagundua siyo fundo lako, lako lilikuwa limekaza zaidi. Nililifungua, jani likataka kuvunjika, nikaliloweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka likakubali kufungwa tena, nikalifunga mwenyewe. Usidhani limerudi kwa sababu limekataliwa huku. Hili nimelileta mimi kwako, kwa mikono miwili. Nakuomba unisamehe kwamba sitafika wakati bado unaona. Najua halikataliwi, na hapo ndipo aibu yangu ilipo, kwamba nimekuomba kitu ambacho huna njia ya kuninyima.

Wako wa mwisho kuzaliwa,
Aminieli