Moyo Uliofika kwa Dakika Nne

Jumatatu, 3 Juni

Tembo, kompyuta yetu kuu, kamaliza! Makabati ishirini ya kompyuta, siku sita mfululizo, yanakokotoa damu inavyopita kwenye moyo wa binti mmoja wa miaka sita. Moyo una tundu. Daktari wa upasuaji, aliye chuo kingine cha mbali, atalitia kiraka Alhamisi, na hashiki kisu bila picha hizi.

Nimezituma kwa mkongo mpya wa intaneti. Dakika nne! Zamani tungengoja wiki. Nilirukaruka mbele ya seva kama mwehu.

Profesa, mkuu wa maabara yetu, hakuruka. Akatazama saa, akanitazama mimi. Eti mzigo mzito vile haufiki upesi hivyo, lazima nusu imedondoka njiani. Imedondoka! Kama viazi!

Nilimwonyesha hesabu: kilichotoka ndicho kilichofika, hata nukta haikupungua. Eti hiyo ni kompyuta inajisifia yenyewe.

Ningembishia. Lakini Profesa ndiye baba mkwe wangu. Nikasema, "Sawa, Baba."

Jumanne, 4 Juni

Kaondoka! Na gari lake kuukuu, na diski kumi na mbili za picha zilezile sandukuni, zimeviringishwa kwa shuka jipya la mama mkwe. Mwendo wa saa tisa hadi kwa daktari. Na bila sahihi yake daktari haruhusiwi kutumia picha za mkongo.

Jioni mama mkwe kaja kuulizia shuka. Mume wangu akaanza kutafuta kitu chini ya kochi. Hakukuwa na kitu.

Jumatano, 5 Juni

Alipotea njia. Kuuliza hataki. Kafika saa tano asubuhi hii, ashukuriwe Mungu.

Saa nane — daktari kanipigia. Baba mkwe amekaa ofisini kwake, analinganisha nakala mbili, picha kwa picha, kwa macho! Ziko elfu kumi na moja. Amefika ya mia mbili na kumi na mbili. Kila moja anaipigia vema kwa penseli.

"Dada, mzee ni wako. Mtoto anaandaliwa kesho alfajiri!"

Nikampigia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Picha nzuri hizi."

"Zote zinalingana, Baba."

"Mpaka sasa."

Kisha akashusha sauti. Mwaka fulani picha zilifika pungufu, naye hakuhakiki. Akarudi kwenye penseli yake.

Saa kumi — nimekwama. Baba mkwe hagombezwi. Mume wangu ndiye mwoga kunishinda.

Mama mkwe kaingia, kanikuta nimeshika tama. Nikamweleza yote. Kavua miwani. "Hebu nipigie huyo mume wangu."

Inaita. Mume wangu keshasogea mlangoni. Nami naandika huku nimejikunyata, nangoja radi.

Kumbe sauti laini, laini kabisa, sijapata kuisikia:

"Wewe. Umekula?"

Anasikiliza. Anasikiliza sana.

"Najua. Najua, baba watoto. Sasa weka hiyo penseli chini, unisikilize —"