Moyo wa Afande Hautii Amri

Jumatatu, 5 Mei

Mume wangu ameanguka gwaridani! Omara, sajini wa kwata, anayewakaripia wanaoyumba – chini kama gunia la mihogo. Makuruta wamemwinua. Alipozinduka akawafokea kwa kuvunja mstari. Nimemshika mkono kusikiliza mapigo: mbio, kimya, mbio tena, ovyo tu. Yeye eti ni jua. Jua lipi? Kulikuwa na mawingu.

Jumatano, 7 Mei

Hospitali ya Bwera. Daktari Stanislas, Mkongo, mcheshi kweli – kambandika Omara waya kifuani, mashine ikatoa karatasi ya vilima visivyo na mpangilio. Akatueleza: "Moyo iko na kumanda moja, pale juu. Yeye njo anatoa amri, wengine banafuata. Ya afande, kila mutu iko kumanda!" Nimecheka mpaka nikaona haya. Omara hakucheka.

Kapewa dawa mbili. Moja ya kutuliza mbio. Nyingine ya kuifanya damu nyepesi, isigande moyoni – bonge likipanda kichwani, kiharusi. Mwezi ujao wataalamu watakuja na mashine yao: watamlaza usingizi, wampige umeme kidogo, vurugu inyamaze, kumanda ashike kazi tena. Ila dawa ya damu lazima ainywe kila siku hadi hapo. La sivyo umeme wenyewe unaweza kulirusha bonge.

Jumapili, 18 Mei

Anapiga mluzi bafuni. Mbio zimepungua. Raha!

Jumamosi, 31 Mei

Omara kaenda mjini Hima. Nikaona nimfurahishe, nizing'arishe buti za gwaride – zile ambazo hata mimi siruhusiwi kuzigusa. Ndani ya buti, soksi. Ndani ya soksi, vidonge vya damu. Vyote! Hajameza hata kimoja!

Aliporudi nikamuuliza. Eti, "Mama Ronnie, askari ya damu nyepesi, jeraha moja tu – kwisha." Nikamwambia hapa Kasese hakuna anayemlenga risasi, na kiharusi hakipigi saluti kabla ya kuingia. Nilikuwa nalia, sikujali. Akaapa atamwambia daktari mwenyewe. Haya. Soksi na vidonge vyake nimevitia mkobani.

Jumatano, 4 Juni

Bwera tena, kwenye benchi. Wataalamu wamefika. Omara kavaa gauni la hospitali, wazi mgongoni – afande wangu, na vile vimiguu! Siku nyingine ningecheka wiki nzima.

Stanislas kapita, kauliza: "Afande, ile dawa ya damu, ulikunywa kila siku?"

Omara akasimama wima. "Kila siku, daktari!"

Stanislas kaingia kuandaa sindano ya usingizi. Ninaogopa. Omara kaketi tena. Hanitazami mimi. Anautazama mkoba.

Nesi kaita jina lake. Kaita tena. Hajainuka – yeye, anayeitika kabla jina halijaisha!

Nafungua zipu ya mkoba.