Jina la Jofrey Juu ya Jalada Langu

Jumanne, 10 Juni 2025

Ukungu tangu asubuhi, nguo hazikauki. Nyololo yetu hii, kila Juni! Nimesogea karibu na jiko ili vidole vipate kushika kalamu.

Limetokea jambo. Mume wangu, Baba Damari, anasoma kitabu changu.

Hajui ni changu. Amekiazima kwa mwalimu Shedrack, ambaye amekiazimisha nusu ya usharika. Nimemkuta sebuleni, soksi mbili mbili, blanketi magotini, anacheka peke yake. Nikauliza, kulikoni? Akanionyesha jalada. Sebule ya Watu. Na chini yake: Jofrey Mwakyoma.

"Si binamu yako huyu? Yule wa redio? Mama Damari, mbona hukuniambia kama ana akili hivi!"

Nikasema hata mimi sikujua. Nikarudi jikoni kuangalia maharage ambayo hayakuhitaji kuangaliwa.

Ningesema nini? Mke wa mchungaji akiandika riwaya ya ndoa, watu hawasomi riwaya — wanamtafuta mchungaji humo ndani. Na nyumba hii si yetu, ni ya usharika. Hata msumari wa kutundikia picha unaombewa ruhusa kwa wazee wa kanisa. Ndiyo maana nilimwomba Jofrey jina lake. Alikuwa kaachishwa kazi redioni, anashinda nyumbani. Akasema chukua tu dada, jina lenyewe limekaa bure. Yeye akapeleka mswada Mbeya, yeye akasaini mkataba. Nilifikiri kitasomwa na wachache, basi, kitasahaulika.

Kumbe!

Mhusika wangu ni mke wa mwalimu mkuu, si wa mchungaji. Nyumba ni ya shule, si ya kanisa. Nilidhani hayo yanatosha kunificha. Leo nimesikiliza kila ukurasa unavyofunuliwa kule sebuleni, na kila akinyamaza kidogo moyo unasimama.


Jumamosi, 14 Juni. Mbeya

Nimeaga kwamba nakuja kumwona mama Uyole. Si uongo, ndiko niliko. Lakini asubuhi nilikwenda mjini, kwenye kongamano la waandishi.

Ukumbi umejaa! Walimu, wanachuo, washairi na makoti yao. Nikakaa nyuma karibu na mlango. Mbele kulikuwa na Mzee Sosthenes, mchapishaji wetu — niseme wa Jofrey — na Mama Veneranda wa Iringa, anayeandika vitabu vya watoto. Katikati yao Jofrey, koti jipya, maikrofoni mkononi kama mtu aliyerudi nyumbani.

Mama Veneranda alisema mambo ya maana. Kwamba kitabu chake kinauzwa fotokopi nje ya geti la shule, na walimu wa shule hiyohiyo wanampigia kumsifu. Kwamba ukurasa ukikupendeza sana, uutilie shaka, labda umeandika wewe kujionyesha na si mhusika kusema. Mzee Sosthenes akalalamika kwamba kila mtu anamwomba kitabu cha bure, lakini hakuna anayekwenda mashineni kuomba unga wa bure. Watu wakacheka. Mimi pia. Kwa muda kidogo nilikuwa na furaha, jamani. Watu wanaongea habari ya sentensi! Huko kwetu habari ni mbolea na mazishi.

Kisha wakamgeukia Jofrey. Binti mmoja akauliza, mwanaume unawezaje kuujua moyo wa mwanamke hivi? Jofrey akanyamaza kidogo — redio imemfundisha kunyamaza — akasema, "Naamka alfajiri, nausikiliza ukimya."

Makofi!

Ukimya gani? Kitabu kile kiliandikwa kwenye meza ya jikoni, kwaya inafanya mazoezi nje ya dirisha, kila baada ya mistari michache hodi, mchungaji yupo?

Mwingine akauliza kwa nini yule mke hamtaji mume wake kwa jina kitabu kizima. "Ni mbinu," akasema Jofrey. Si mbinu. Nilijaribu, mkono ukakataa.

Wakati wa chai Mama Veneranda akanijia.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu kwa Kihehe. "Yule msemaji ni nani wako?"

"Binamu yangu."

"Kila akiulizwa, midomo yako ndiyo ilikuwa inajibu."

Nilitaka kucheka, yakaja machozi. Nikamwambia yote, tumesimama kwenye korido na vikombe mkononi. Ni mtu wa kwanza kumwambia. Hakushangaa wala hakunipa pole. Akauliza tu mkataba kasaini nani. Nikasema yeye.

"Basi kwenye karatasi wewe ni msomaji tu," akasema. "Sema mapema, kabla ya kitabu cha pili. Cha kwanza wewe uliazima jina lake. Cha pili, yeye ndiye atakuwa kaazima mkono wako, na wala hatakumbuka kuurudisha."

Mchana nikakaa na Jofrey mgahawani. Kabla sijafungua mdomo, akaniambia amekwisha kusaini mkataba wa cha pili! "Nilijua utafurahi, dada." Tena ameanza kukiandika mwenyewe. Sura tatu. Akanipa nisome. Mke analia kila ukurasa. Kisha anarudi kwa mume wake, anapiga magoti, anaomba msamaha.

Nikasema, Jofrey, huyu hapigi magoti. Akasema wasomaji wameomba hivyo, na Mzee Sosthenes anaona kikiwa na mafundisho kitaingia mashuleni. Nikasema basi mimi nitasema ukweli.

Aliweka kijiko chini.

"Dada Tumpe. Tangu redio inipunguze, watu walikuwa wananipita barabarani kama nguzo ya umeme. Leo watoto wa chuo wamepanga foleni niwasainie. Ukisema, mimi naitwa mwizi. Na wewe huko Nyololo unaitwa nani? Na shemeji je?"

Hakusema kwa ubaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi.


Jumapili, 15 Juni

Nimerudi. Basi lilikaa sana kwenye mizani ya Makambako. Nikajaribu kuanza mwenyewe sura ya kwanza ya kitabu cha pili, karatasi juu ya mkoba. Kila sentensi naisikia kwa sauti ya Jofrey, na kule kunyamaza kwake. Nikachana. Mama mmoja jirani yangu akauliza kama nimepata barua mbaya.


Alhamisi, 19 Juni

Amemaliza kitabu. Alikifunga, akakaa nacho mapajani muda mrefu, anaangalia ukuta. Chai ikapoa. Sijawahi kumwona anaacha chai ipoe.

Halafu akasema: kitabu hiki kina dawa. Usharika wetu una ndoa nyingi zinazoumwa kimyakimya. Semina ya Umoja wa Wanawake iko Jumamosi ya wiki ijayo, atamwalika Jofrey aje kuzungumza.

Nikasema Jofrey ana mambo mengi.

"Nimekwishampigia. Amekubali. Atafikia hapa hapa kwetu."

Mungu wangu. Hapa hapa kwetu!

Nilimpigia Jofrey nikiwa shambani kwenye kabichi, ili nisisikiwe. Nikamsihi akatae, aseme anaumwa. Akacheka. Akasema mchungaji kamwomba kwa heshima sana, atamkataaje shemeji yake? Tena itasaidia kukitangaza cha pili. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, kina mama wa kwenu huwa wanauliza maswali magumu?


Jumatano, 25 Juni

Baba Damari ameniuliza kama ningependa tubadilishe mapazia ya sebuleni.

Miaka yote hii! Mapazia ni ya usharika, yapo tangu mchungaji aliyetutangulia, rangi ya matope. Hajawahi hata kuyatazama. Nikasema si mpaka wazee wa kanisa wakae? Akasema, wewe niambie rangi unayotaka, wazee niachie mimi.

Nimeshindwa kukumbuka rangi yoyote.

Kwenye kitabu, mke wa mwalimu mkuu anaomba mapazia mapya sura ya pili, na hajibiwi mpaka mwisho. Inawezekana ni bahati tu. Watu hubadilisha mapazia. Lakini jana pia aliosha vikombe mwenyewe, taratibu, kama mtu anayejifunza kazi.

Nikampigia Mama Veneranda. Nikamwambia naogopa kwamba mume wangu anajua, na naogopa zaidi kwamba hajui. Akaniuliza kama nimeandika chochote. Nikasema nitaandikaje? Nikiandika vizuri, nampa Jofrey. Nisipoandika, yule mke anapigishwa magoti na Jofrey. Nikasikia kuku wake. Akasema yeye alikaa muda mrefu bila kuandika mume wake alipokuwa hai, si kwa kukatazwa, ila mume alikuwa anasoma kwa kuchungulia begani. "Tafuta mahali ambapo hakuna bega la mtu," akasema.

Hapa? Mahali gani? Chumbani ni kwetu wawili, sebuleni ni kwa watu wote, jikoni kina mama wanaingia bila hodi.


Jumamosi, 28 Juni

Naandika jikoni, nimesimama. Wako sebuleni. Naandika kwa sababu sina kitu kingine cha kuifanyisha mikono.

Jofrey alifika asubuhi na lile koti. Ukumbi wa usharika una baridi, kina mama wakaomba semina iwe kwetu. Wamejaa mpaka barazani, khanga juu ya masweta. Nikawa napita na chai kati ya magoti ya watu, na binamu yangu anawaeleza jinsi alivyohangaika kuandika kitabu changu. Aliwachekesha. Anajua kuchekesha.

Mama Sedekia, mwenyekiti wetu, akainua mkono. Akasema yeye si msomaji, alisomewa na mwanae. Anataka kujua jambo moja. Yule mama mwisho anasimama tu uani na hatujui. Aliondoka, au alibaki?

Jofrey akanitazama. Kidogo tu. Kisha akasema habari njema, kitabu cha pili kinakuja, mama yule anarudi, anampigia magoti mume wake, ndoa inapona. Baadhi wakapiga makofi. Mama Sedekia akasema, "Mh."

Na Baba Damari, kutoka kwenye kiti cha pembeni: "Hapana."

Wote wakageuka.

"Apige magoti ya nini?" akasema. "Kitabu kizima yule mama hajakosa. Mimi nimekisoma mara mbili, nikitafuta kosa lake. Sijaliona."

Jofrey akafungua mdomo, akaufunga. Mtu wa redio! Mimi nikachukua birika ambalo halikuwa tupu nikaja nalo huku.

Alinifuata. Akausukuma mlango nyuma yake, haukufunga vizuri, huwa haufungi. Akasimama karibu na ndoo za maji. Nilidhani atakuwa na hasira. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama siku ile aliporudi kutoka kumzika baba yake.

"Mama Damari. Kuna ile sehemu mtoto ana homa, na baba yake anachukua koti anakwenda kikaoni. Hasemi hata neno. Anachukua koti tu."

Nikaweka birika mezani.

"Jofrey hajawahi kulala nyumba hii. Nani alimwambia kuhusu koti?"

Nikaanza kusema pengine nilimsimulia, watu wanasimuliana. Hakusubiri nimalize. Akauliza polepole, karibu kwa kunong'ona, maana kina mama wako hapo hapo:

"Hivi ndivyo nilivyo?"

Ningemwambia nini? Kwamba ndiyo? Kwamba nilimwandika vile kwa sababu sikuweza kumwambia? Kwamba yule aliyeosha vikombe wiki hii simjui, na sikumwandika, na labda ningemwandika kama angekuja mapema?

Mama Sedekia akaingia kutafuta sukari. Akatutazama mmoja mmoja. Baba Damari akachukua bakuli la sukari mwenyewe, akampa, akasema twende mama, wageni wanasubiri. Akiwa mlangoni akageuka. "Utanijibu," akasema. Sikuelewa kama ni amri au ni ombi.

Sasa Jofrey anawasomea zile sura tatu. Namsikia. Amefika kwenye kulia. Baadhi ya kina mama wanasema mwe, mwe, kwa huruma. Mtu mmoja anacheka, nadhani ni Mama Sedekia. Baba Damari simsikii kabisa.

Maji yamechemka. Mlango wa nyuma uko wazi, lakini pale nje wasichana wa kwaya wanaosha masufuria, watauliza Mama Mchungaji anakwenda wapi na ukungu huu. Mlango mwingine unaingia sebuleni.

Jofrey amenyamaza. Ananiita nije nisikie sehemu hii, eti na mimi nitoe maoni. Na sauti ya Baba Damari, ya kwanza tangu akae: "Mwacheni. Atakuja mwenyewe."

Wananisubiri wote wawili.