Kumi na Nane na Ushee

Mwalimu,

Shikamoo. Naianza hivyo kwa mazoea, maana hukuwahi kuniruhusu niseme neno lolote kabla ya hiyo. Nimekaa kwenye kiti chako barazani Kipawa, simu nimeiweka juu ya tofali pale kwenye kona mtandao unaposhika, na faili linashuka. Limefika asilimia kumi na moja. Ndani yake kuna mwanga wa ile nyota yetu, uliopimwa wiki hii na darubini iliyoko angani. Likimaliza kushuka nitajua kama nimekuharibia kazi yako au la. Sijala tangu asubuhi.

Ngoja nikueleze yote wakati nasubiri.

Unakumbuka ile nyota haina jina, ina tarakimu tu kama mita ya umeme. Ukaiita Wazo, kwa sababu siku tulipoiona tulikuwa tumetoka Wazo kumsalimia mdogo wako, na miwani yako bado ilikuwa na vumbi la kiwanda cha saruji. Ulinisukumia laptop ukasema, "Angalia pale, mstari umebonyea." Nikakujibu huo ni uchafu wa kioo. Ukafuta kioo kwa kanzu, ukafuta na miwani, mbonyeo ukabaki palepale. Mwanga wa nyota ulikuwa umepungua kidogo kwa saa chache, kisha ukarudi, kana kwamba kuna kitu, labda sayari, kimekatiza mbele yake. Tulipoendelea kuufuata mstari tukakuta mbonyeo wa pili. Ulicheka mpaka mkeo, mama Rajabu, akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Mie bado nashangaa. Mwalimu mstaafu wa fizikia na mwanafunzi wake wa zamani anayefundisha hesabu Temeke, tunachokonoa data ambazo wakubwa walishazipitia na kuziacha wazi kwa kila mtu. Ukaniambia nisifurahi mapema. Mibonyeo miwili haitoshi, ulisema, tunahitaji wa tatu, na uje siku ile tutakayoitaja sisi kabla haujaja. Hapo ndipo watu watatusikiliza.

Halafu ukaugua.

Kwenye daftari uliandika tarehe ya kila mbonyeo, na pembeni ukaandika kwa penseli: "18 na ushee." Yaani siku zinazopita kati ya mbonyeo mmoja na mwingine. Nilipotoa tarehe moja kwa nyingine nilipata kumi na tisa na ushee. Nikatoa tena, kumi na tisa. Wakati ule Rajabu alikuwa akituambia pale korido ya hospitali kwamba kumbukumbu za mzee zimeanza kumtoka, na wewe mwenyewe uliniita Zuhura mara mbili, jina la dada yako aliyefariki. Basi nikachukua kalamu nyekundu, kalamu ninayosahihishia watoto wa watu, nikaikata kumi na nane yako na kuandika kumi na tisa juu yake.

Nilikuonyesha. Hili ndilo linaloniuma, Mwalimu. Ulikuwa umelalia ubavu, ukalitazama daftari muda mrefu, ukasema, "Siyo, Tumsi. Hesabu tena." Mimi nikakupangusa jasho, nikakwambia pumzika, nitamalizia mwenyewe. Ukafumba macho. Nilidhani umekubali.

Baada ya msiba wako nilijaza ile fomu uliyokuwa unaiota. Ni ya kikundi cha watafiti wa nje wenye darubini ndogo angani, ambao hupokea maombi hata ya watu wadogo kama sisi. Unawatajia nyota na siku, wakikubali wanaigeuza darubini kwa saa chache. Mara moja tu. Wakikuta mstari umenyooka, nyota inafutwa kwenye orodha yao, na hakuna atakayejisumbua nayo tena. Laptop yako iliungua ile siku umeme uliporudi kwa kishindo. Ningeweza kuvuta data upya nikazihakiki, lakini bando lilikuwa dogo na mimi nilikuwa na haraka ya kukutendea jema. Nikafuata kumi na tisa, nikahesabu mizunguko kumi na miwili kutoka mbonyeo wa kwanza kwenda mbele, nikawatajia siku. Wakakubali. Nililia kwa furaha hapa hapa barazani, mjinga mimi.

Siku chache kabla ya siku hiyo nikaja kumwona mama Rajabu. Yuko eda bado, hatoki, nikamletea mchele na sukari. Tukawa tunahesabu siku zake zilizobaki. Mimi nikaanzia Alhamisi, maana Alhamisi ile jioni nilikuwepo wodini, nimekushika mguu. Akanikatiza.

"Mwalimu hakufa Alhamisi, mwanangu. Kafa Ijumaa. Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa."

Nilitaka kubisha. Nyumbani kwetu, watu wa Rombo, siku inakwisha usiku wa manane na hakuna anayeiuliza. Akanitazama kwa huruma kama mtu anayemfundisha mtoto kunawa. "Jua likizama, siku si imeshakwisha? Yeye mwenyewe hapo alipokuwa akikaa, akisikia adhana tu anafunua ukurasa mpya wa daftari lake. Miaka yote hiyo hujamwona?"

Nimekuona, Mwalimu. Nimekuona mara mia ukifunua ule ukurasa. Nilifikiri unapumzisha mkono.

Nikamwomba maji. Mbonyeo wa kwanza ulikuwa wa asubuhi. Wa pili ulikuwa wa baada ya magharibi, kwa hiyo wewe uliuandika kwenye ukurasa mpya, kwa tarehe ya siku iliyokuwa ndiyo imeanza kwako. Mimi nikazisoma zote mbili kwa kalenda ya ukutani. Siku moja ya ziada niliiingiza mimi, na kwa mizunguko kumi na miwili zilikuwa zimekuwa siku kumi na mbili. Darubini ilikuwa inakwenda kukodolea macho nyota wakati hakuna kitu kinachopita mbele yake.

"Usiniambie umeona, niambie umepima," ulizoea kutuambia darasani. Nilikwenda dukani nikanunua bando kubwa, nikavuta data zile za mwanzo upya. Kumi na nane na ushee. Hukuwa umechanganyikiwa hata kidogo. Ulikuwa umelala pale na hesabu sahihi kichwani, na mtu uliyemfundisha mwenyewe akakufunika shuka.

Maombi ya mabadiliko yalikuwa yanafungwa kesho yake saa sita mchana, kwa sababu amri za darubini hupandishwa mara moja kwa wiki. Niliandika barua pepe nikiwa ofisi ya walimu, kwamba wasogeze siku sita mbele, kwenye mbonyeo unaofuata, maana ule tuliokusudia ulikuwa umeshapita. Wakajibu kwa mstari mmoja: sababu ya mabadiliko ni nini? Nilifikiria kudanganya kwamba nilikosea kuchapa. Nikaona aibu. Nikawaandikia kwamba mwalimu wangu siku yake ilianza jua likizama, kwamba nilimwona mgonjwa nikadhani amepotea, na kwamba aliyepotea nilikuwa mimi. Umeme ukakatika kabla sijajua kama imekwenda. Nikatoka mbio hadi barabarani nikiwa nimeinua simu juu, wanafunzi wananicheka dirishani. Saa sita ikapita kimya. Saa nane kasoro ndipo jibu lao likaingia: waliipata kwa wakati, wamesogeza.

Leo asubuhi wametuma faili.

Asilimia tisini na nne. Kuna ndege inapita juu ya nyumba. Ikipita ulikuwa unaikata sentensi katikati, unangoja, kisha unaendelea kutoka neno lilelile. Nami nangoja.

Limeshuka.

Mwalimu, upo. Mbonyeo upo. Unaanza taratibu, unashuka, unakaa chini, unapanda, kama sufuria iliyodondoshwa ikabonyea upande mmoja. Uko pale penseli yako iliposema utakuwepo. Nimemwita mama Rajabu, amesimama mlangoni na khanga mdomoni, haelewi mstari lakini analia pamoja nami.

Siwezi kusema ni sayari. Najua ungenifinya sikio. Huenda ni nyota mbili zinazozibana mwanga, itabidi wengine wapime zaidi, na huenda mwisho wake ukawa si kitu. Lakini kumi na nane ni kumi na nane. Nimepiga mstari kwenye kumi na tisa yangu kwa kalamu ileile nyekundu, na chini yake nimeandika jina lako lote, ili Rajabu alione.

Nisamehe. Nakuahidi kwamba mtu yeyote akiniambia "hesabu tena," awe mtoto wa darasani au mgonjwa kitandani, nitahesabu tena, na safari hii nitamuuliza kwanza siku yake inaanzia wapi. Pumzika sasa, Mwalimu, kwa haki kabisa.

Magharibi ndiyo inaadhiniwa. Nimefunua ukurasa mpya wa daftari lako, nimeandika tarehe ya kesho.

Mwanafunzi wako,
Tumsifu