Kombora la Kilimani Kwao Mei

Jumapili jioni

Nacheka peke yangu kama mwehu.

Leo nilikwenda kijijini kwao Mei, yule Mchina anayeniuzia magauni ya jumla kwenye soko la Zhanqian. Nyuma ya nyumba yao kuna kilima chenye mashimo mapana. Mei anasema zamani za vita jeshi lilikuwa likijaribia mizinga pale. Nikapanda kupiga picha, nikakanyaga chuma. Kombora zima, lina kutu, limechomoza udongoni!

Mei akachanganyikiwa. Kiswahili chake chote ni cha dukani, basi akapiga kelele, "Zuhura, hapana! Hapana punguza! Bei ya mwisho!"

Nikaelewa nisisogee.

Nilisimama kama mlingoti karibu saa nzima, nikimwaza mwanangu Nasra, yuko Tanga na hajui hata kama nimetoka mjini. Niliogopa, sifichi. Polisi wakaja na mtaalamu wa mabomu. Wakamwamuru Mei ashuke. Akakataa, akabaki hatua chache tu kutoka kwangu.

Mtaalamu akapangusa udongo, akachungulia palipopasuka, akacheka. Ndani mna saruji tupu! Lilikuwa la kujaribia shabaha, halijawahi kutiwa baruti.

Mguu wangu ukagoma kuinuka. Mei akaja akauinua kwa mikono yake miwili, huku analia. Tukaanguka wote majanini, tukacheka mpaka polisi nao wakacheka.

Miaka minne nilidhani ananichangamkia kwa sababu ya mzigo ninaonunua. Kumbe...