Wiki Nane Nilizokuandikia Kama Mama Yako

Dafroza mwanangu,

Salamu leo sina. Kwetu Uha mtu hasemi neno lake kabla hajamaliza kusalimia, kauliza watoto, kauliza mbuzi, kauliza mvua. Leo sina. Nina hasira na wewe, na wewe una hasira na mimi. Tuanzie hapo.

Naandika wazi kwa sababu umenifungia simu tangu wiki iliyopita. Nikipiga inalia mara moja inakata. Kwa hiyo nimeandika kwenye daftari, mwalimu wa shule ya hapa ananakili, anaiweka kwenye grupu la WhatsApp la wana-Busunzu walio mbali. Humo hujatoka, nimeuliza. Mwalimu ni mtu wa Tanga, ana maneno laini. Kasoma huo mwanzo akasema, "Mzee, hii hasira tungeipunguza kidogo, watu wanasoma." Nimemwambia wasome. Si wewe uliyeniita mwongo kwenye simu ya mama yako mdogo Yustina, sauti imefunguliwa, majirani wamejaa uani? Basi na wewe usomwe.

Leo Jumanne. Ndege yako ni Jumamosi. Yustina kaniambia hupandi. Eti muhula wako wa huko Norwei umeisha lakini wewe unabaki, kuna hoteli itakupa kazi ya kuosha vyombo. Na chuo cha huku kimekubakiza mwaka mmoja tu. Yustina alipokuuliza kwa nini, ukamjibu, "Nitarudi kwa nani?"

Hilo neno nimelisikia. Nitalijibu. Lakini kwanza nilieleze kosa langu mwenyewe, maana wewe unalieleza vibaya.

Mama yako alikufa mwezi wa kumi, wewe una miezi miwili huko. Nilimzika, sikukuambia. Nilikaa na simu yake wiki nane nikikujibu meseji kama yeye. Ukaja kujua kwa stetasi ya mtoto wa Yustina, kaweka picha na mshumaa, "pumzika mama mkubwa". Yule mtoto nimemfokea mpaka sauti ikaisha. Lakini mwenye kosa ni mimi. Umeridhika?

Unakumbuka siku unaondoka? Tulitoka nyumbani sote watatu. Barabara tope. Nikalibeba begi lako kichwani, wewe unanikimbilia nyuma, "Baba, lina magurudumu hilo, linavutwa! Baba, watu wanacheka!" Walicheka kweli. Mama yako naye alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nimebeba mizigo ya watu maisha yangu yote, magunia ya maharage, tofali, mbao, sasa mzigo wa mwanangu ndio niuburuze kwenye tope? Stendi ya Kibondo ukamkumbatia mama yako, mkalia wote wawili kama mnafukuzwa. Mimi ukanipa mkono. Ukasema, "Baba, haya." Na mimi nikasema, "Haya." Basi. Hayo ndiyo maneno yetu ya kuagana.

Siku mama yako anakufa mimi sikuwepo. Hili hujaniuliza, umekazana kutukana. Nilikuwa Kagerankanda, napalilia shamba la mtu, wiki ya pili. Balozi wetu wa nyumba kumi akapiga simu asubuhi. "Mama Dafroza anaumwa. Acha kazi uje." Nikauliza anaumwa nini. "Presha. Wewe njoo." Nikaacha jembe la watu kwenye mfereji, nikapanda bodaboda mpaka Kasulu. Pale Kasulu nikasubiri gari lijae. Nikaingia sokoni kumnunulia machungwa. Yule mzee wa kanzu mwenye duka pale pembeni akaniuliza, "Una mgonjwa?" Nikamwambia ndiyo, mama watoto. Akasema, "Mnunulie na juisi, ina nguvu zaidi. Na usimgombeze, wagonjwa hawapendi." Nikacheka. Nikanunua na juisi. Kwenye gari nikawa napanga nikifika nimwambie nini, maana nilimkataza kwenda kutafuta kuni na mwili ule. Nilipanga kumgombeza kidogo tu.

Nikashuka Busunzu nikaona turubai kwangu. Mabenchi nje. Wanaume wamekaa hawaongei. Nimesimama na mfuko wa machungwa, hakuna anayenipokea. Halafu wanawake wakaniona, wakaanza kulia.

Alikuwa ameshakufa tangu alfajiri. Wakati balozi ananipigia alikuwa ameshafunikwa.

Nilimshika balozi shati. Waliniondoa mikono. Akasema, "Ningekuambia ukweli ungefikaje? Ungeanguka kwenye pikipiki." Ndivyo tunavyofanya huku, unajua. Mtu yuko mbali hapigiwi simu ya kifo. Anapigiwa simu ya ugonjwa. Wewe mwenyewe alipokufa bibi yako tulikuambia shuleni kwamba anaumwa, ukaja. Hukunitukana.

Jioni ile ukoo ukakaa. Mjomba wako akasema, "Mtoto aambiwe, ni mama yake." Wazee wote wakasema aambiwe. Wewe ulimwambia Yustina wazee ndio walionipotosha. Hapana. Wazee walikataa. Mimi ndiye niliyesema asiambiwe, ana masomo, ana mtihani, aje akute. Mjomba wako akaniuliza, "Akija akute kaburi?" Nikasema ndiyo, akute kaburi. Akasonya akaondoka. Mpaka leo hajakanyaga kwangu.

Siku ya tatu simu ya mama yako ikalia. Meseji yako. "Mama, leo theluji imeanguka, imejaa mpaka dirishani. Umekula nini?"

 Nikaandika, "Sawa."

Ukaandika, "Sawa tu? Mama umenikasirikia?"

Yustina alikuwepo, akachungulia. "Shemeji, dada hakuwa anaandika hivyo. Panda juu usome alivyokuwa anaandika." Nikapanda juu. Hapo ndipo nilipokosea kweli. Nilisoma zote. Za miaka yote.

Dafroza, nimesoma mambo yangu. "Baba hajui kupenda, anajua kufoka." Nimesoma. "Matokeo ya form six yametoka, baba kaniuliza kama jembe la jirani limerudishwa." Kweli niliuliza. Jembe lilikuwa la mtu. Nimesoma na ile, "Mama nikipata kazi nakuhamisha, baba abaki huko na udongo wake." Na mama yako kakujibu kwa kicheko kirefu, "Tukimwacha peke yake atakufa. Hajui hata chumvi inakaa wapi." Kweli sijui. Nilipika siku mbili bila chumvi. Ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, juu, nyuma ya sufuria.

Miaka ishirini na mitatu nimekaa na yule mwanamke. Mlikuwa mnanicheka kwenye simu niliyoinunua mimi, kwa mgongo huu.

Lakini niliendelea kukujibu. Kwa kidole kimoja. Ukitaka kupiga nakuambia koo limekauka, sauti haitoki. Ukasema, "Chemsha tangawizi mama." Nikachemsha. Nikanywa mimi. Ukasema, "Huku jua linazama saa tisa mchana, natamani ugali wa muhogo na samaki wetu, migebuka." Nikaandika, "Vumilia, kula vya huko." Ukasema, "Mbona siku hizi unaandika kama baba?" Nikaandika, "Mikono inauma." Siku moja nikajaribu, nikaandika, "Baba yako siyo mtu mbaya." Ukajibu haraka, "Mama! Umekunywa? Tangu lini unamtetea?"

Wiki nane. Umeniambia unaogopa kuongea darasani, wenzako wana Kiingereza cha puani. Umeniambia unalia chooni ili mwenzako wa chumbani asisikie. Umeniambia umepata tisini na moja kwenye lile somo la wazungu. Nikaandika hongera. Niliandika mimi. Hukujua, lakini niliandika.

Sasa unasema niliiba. Ulisema hivyohivyo, "Umeniibia mama yangu." Nimelala na hilo neno, nimeamka nalo, nimeenda nalo kupakia mbao. Na mimi nakuambia umekosea. Mtihani haukuwa sababu. Mtihani niliwaambia wazee kwa sababu wazee wanaelewa mtihani.

Sababu ni ile safari yangu ya kutoka Kagerankanda. Njia yote ile nilikuwa na mke. Mgonjwa, lakini nilikuwa naye. Nilimnunulia machungwa. Nilicheka na mzee wa duka. Nikishuka tu kwenye gari nikawa sina. Nilipokaa na ukoo jioni ile nikasema huyu mtoto na yeye apewe hiyo safari, tena ndefu. Mimi nilipewa nusu siku. Wewe nimekupa wiki nane. Wiki nane ulikuwa na mama, anakwambia vumilia, anakwambia hongera. Wewe unaita wizi. Ita.

Na mimi nilipata. Simu ikilia nilikuwa nasikia kama yupo jikoni anaitwa. Mwalimu kaniuliza hili alifute. Nimemwambia asilifute.

Ninachokukasirikia siyo matusi. Matusi nimezoea, nafanya kazi za watu. Ninachokukasirikia ni kwamba unataka kubaki huko kuosha sahani za wazungu wakati msiba wa mama yako haujaondolewa. Ndiyo, haujaondolewa. Wenzetu walitaka tumalize siku ile ya saba. Nilikataa. Walitaka kunyoa, nilikataa, sasa nina nywele kama mwehu, kwenye kibarua wananiita nabii. Walitaka kugawa nguo zake. Yustina keshachagua kitenge cha kijani na sweta, anakuja kila Jumapili baada ya kanisa, "Shemeji, nguo zitaliwa na panya." Namwambia ziliwe. Sanduku la bati nimelifunga kufuli. Nimegombana na dada za mama yako wote watatu. Mkubwa kaniambia, "Unamsubiri nani? Mtoto mwenyewe kakukataa." Nikamfukuza na fimbo mkononi, mtu mzima yule, shemeji yangu. Nimejiaibisha.

Nguo za mama anaanza kuchagua mtoto wake wa kike. Akibaki na anachotaka ndipo wengine wanagawana. Ndivyo ilivyo. Sitaanza na Yustina.

Lakini wazee wamechoka na mimi. Mjomba wako katuma mtu: Jumatano ijayo wanakuja, uwepo usiwepo. Watanyoa, watafungua sanduku, watagawa. Siwezi kuwazuia tena. Kibarua mmoja na ukoo mzima, nitawezaje.

Umeuliza utarudi kwa nani. Unarudi kwangu. Hakuna mwingine. Najua siyo uliyemtaka. Kama tungepewa kuchagua nani abaki, ungemchagua yeye. Hata mimi ningemchagua yeye.

Sikuombi unisamehe. Njoo na hasira yako yote. Nitukane hapa, uani, mbele ya majirani, nitakaa kwenye kigoda nisikilize mpaka umalize. Sitakujibu. Ukitaka kukaa kwa mjomba wako, kaa kwa mjomba wako. Ukimaliza nguo nenda chuoni umalizie mwaka wako, usinipigie simu mpaka uzeeke. Lakini nguo za mama yako uzishike kwa mkono wako kabla hazijatawanyika Kitahana na Kasulu nzima, kila mwanamke anapita sokoni na kitenge chake.

Jana simu yake imelia. Mimi umenifungia, yeye hujamfungia. Umeandika, "Mama, nimemaliza. Mtihani wa mwisho ulikuwa leo."

Unajua amekufa. Unajua simu iko kwangu. Bado umeandika.

Sijajibu. Kila siku nilikuwa najibu, jana nikakaa nayo mkononi mpaka ikazima chaji. Siwezi tena kukujibu kama yeye. Kwa hiyo najibu hapa, kwa jina langu, watu wote wasome: nimesikia umemaliza. Umefanya vizuri.

Ukipanda ndege Jumamosi, basi la kutoka Dar linakuingiza Kibondo Jumanne. Sitaenda kazini. Nitakuwa stendi kuanzia gari la kwanza mpaka la mwisho. Usiposhuka, narudi Busunzu, nawapa wazee ufunguo wa sanduku.

Sina la kuongeza.

Mimi baba yako,
mzazi uliyebaki naye.