Utani wa Babu Kwenye Mlango wa Jiko

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Najiomba radhi mwenyewe. Tangu Ramadhani sijaandika neno. Mtoto mgongoni, soko, kuni, siku imekwisha.

Leo nimeosha vyombo, nimemlaza Salumu, nikamwita dada yake Zuhura alete kazi ya nyumbani. Kila siku ile ile: soma ukurasa huu mara kumi, mzazi atie sahihi. Ukurasa wenyewe kaunakili kutoka ubaoni, maana kitabu ni kimoja na anacho mwalimu. Akasoma kwa kuimba, anayumbayumba kama yuko madrasa. Nikafurahi. Halafu nikaona daftari kalishika juu chini.

Nikaweka kidole kwenye neno moja. Akaniangalia. Jingine. Hajui hata moja. Yuko darasa la kwanza tangu Januari! Nimekasirika, sahihi sikutia.

Jumatano, 7 Septemba

Nimekwenda kumwona Mwalimu Joyce. Mgeni hapa Mkuyuni, kaletwa kutoka Bukoba. Hakuacha hata kusahihisha.

"Mama Zuhura, mwanao mzito. Akibaki hivi, mwakani anarudia la kwanza."

Nikamwambia watoto wanaimba, hawasomi. Akasema basi msomeshe nyumbani. Kwa kitabu kipi?

Nimepita dukani. Siku hizi kuna kila kitu: sabuni za kunukia, biskuti za nje, betri. Mimi nikiwa mdogo tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni, lakini kitabu tulishika, wawili wawili. Sasa sabuni tele, kitabu hakuna. Nani kapanga hivi? Mume wangu yuko Dakawa kwenye mpunga, hata wa kumgombeza sina.

Na kaka yangu kashasema: mtoto akirudia darasa, atolewe, asaidie shambani. Kwetu Waluguru mjomba akitoa kauli, kuipindua ni kazi kubwa. Mtoto wa miaka minane, ashike jembe kwa sababu shule ilimfundisha kuimba! Sikubali.

Jumamosi, 10 Septemba

Baba kateremka kutoka mlimani na ndizi. Yeye na Zuhura ni watani, kama babu yeyote na mjukuu wake. Kabla hata sijamwamkia shikamoo, wameshaanza.

"Mke gani huyu? Ugali wake unateleza kama kambale!"

"Na wewe mume gani, huna jino hata la kuutafunia!"

Nikawatazama. Nikamwambia baba, leo usimtukane kwa mdomo. Mwandikie. Herufi anazijua, alisoma kisomo cha watu wazima. Akachukua mkaa, akaandika kwenye mlango wa jiko: MKE WANGU MVIVU. Akajiondokea zake.

Zuhura alijua katukanwa ila hajui katukanwa nini. Akalia. Akanishika khanga nimsomee. Nikakataa. Kakutukana mumeo, soma mwenyewe. Roho iliniuma, lakini nikageuka nikachochea moto.

Alhamisi, 15 Septemba

Kasoma! Herufi moja moja, ananiuliza sauti yake, anaunganisha, anarudi nyuma. Siku ya pili ndiyo tusi likatoka zima. Alivyokasirika! Hakula mpaka nimwonyeshe namna ya kujibu. BABU ANANUKA UGORO.

Baba sasa anateremka kila siku, na magoti yake yale mabovu. Tunafuta kwa tambara bichi, anaandika lingine. Watoto wa jirani wamejipanga hapo wanagombea kusoma nani katukanwa. Hakuna aliyewaambia wasome mara kumi.

Jumanne, 20 Septemba

Zuhura karudi mikono imevimba.

Asubuhi kabla mwalimu hajaingia, kaandika ubaoni: MWALIMU ANA MIGUU YA BATA. Waliocheka ni wale tu wanaokuja mlangoni kwangu. Wengine hawakujua kumeandikwa nini. Mwalimu kamchapa, kasema asirudi bila mzazi.

Nimemuuliza, kwa nini mwalimu? Kajibu huku analia: "Nilitaka na yeye aniandikie."

Nimekaa chini. Sikumwambia nani anataniwa na nani hataniwi. Kwake, anayekupenda ndiye anakutukana mlangoni. Baba kacheka mpaka kakohoa. Nikamwambia anyamaze, Mungu anisamehe. Nimewachukia wote leo, wakubwa wote.

Jumatano, 21 Septemba

Tumekwenda. Kwanza nimempigisha Zuhura magoti, kaomba radhi. Mtu asiye mtani wako humtukani, hilo halina mjadala. Halafu nikasema na mimi.

"Uliniambia mzito. Huyo mzito kaandika sentensi nzima, wewe ukaona miguu tu?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. Akafungua kitabu katikati, akampa. Zuhura akasoma polepole. Akakwama kwenye neno "mchwa". Akarudi, akalisoma. Hakuimba.

"Ataingia la pili," mwalimu akasema. Basi. Kisha akanionyesha darasa, watoto wamebanana sakafuni mpaka mlangoni. "Na hawa, Mama Zuhura? Niwashike kidole mmoja mmoja?"

Fimbo sijamsamehe. Lakini njia nzima hasira yangu ilikuwa inatafuta mtu mwingine, wa juu zaidi, na sikumjua jina.

Kaka nimempitia. Kasema haya, asome.

Ijumaa, 23 Septemba

Kumetulia. Baba kalala kwenye mkeka, Salumu kamlalia mguuni. Jioni watoto walikuwa wengi, wa nyuma hawakuona kitu. Kesho namtuma dereva wa basi kwa dada Mwajuma, Morogoro mjini. Nisisahau kumwagiza:

Plaiwudi, kipande cha kimo cha mtoto.
Rangi nyeusi ya ubao, kopo dogo.
Brashi. Hata iliyotumika.
Chaki, boksi moja, nyeupe.
Penseli na kichongeo.
Magazeti ya zamani, yenye herufi kubwa.
Kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza. Kikiwa kimechanika si neno, ila kurasa za mwanzo ziwepo.